Mazoezi Si ya Moyo Pekee: Jinsi Kutembea kwa Kasi Kunavyoujenga Ubongo

Mkazi anayekwenda zahanati na kukutwa na presha ya juu au sukari huambiwa mambo matatu: apunguze chumvi na vyakula vya mafuta, ameze dawa kwa wakati, na afanye mazoezi. Sababu anazopewa huwa ni moyo, mishipa ya damu na uzani. Ni nadra kuambiwa kwamba mazoezi hayo hayo yanagusa kumbukumbu yake, usingizi wake, hasira zake na uwezo wake wa kutulia akamaliza kazi aliyoianza.

Hata hivyo, wanasayansi wamelichunguza jambo hilo kwa miongo kadhaa, na majibu waliyoyapata yanamhusu kila mkazi: mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, mama aliyelemewa na mawazo, mwendeshaji bodaboda anayeshinda juu ya kiti kutwa nzima, na mzee anayeanza kusahau majina ya wajukuu wake. Somo hili linaeleza mazoezi yanayohusika ni yapi, yanafanya nini ndani ya ubongo, yanabadilisha nini katika tabia, namna ya kuyaanza kwa usalama, na mahali ambapo mwananchi anaweza kudai mazingira yatakayomwezesha kuyafanya.

Mazoezi yanayozungumziwa

Mazoezi yako ya aina nyingi. Kunyanyua vyuma hujenga misuli. Kujinyoosha hulainisha viungo. Somo hili linahusu aina ya tatu: mazoezi yanayouongezea moyo mapigo na kumfanya mtu avute pumzi zaidi kwa muda mrefu kidogo. Kitaalamu huitwa mazoezi ya aerobiki, yaani yale yanayoutaka mwili utumie oksijeni kwa wingi ili kuendelea. Kutembea kwa kasi, kukimbia polepole, kuendesha baiskeli, kuogelea, kucheza ngoma, kuruka kamba na kucheza kandanda yote yamo humo.

Mtu hahitaji mashine ili kujua kama anafikia kiwango kinachofaa. Anaweza kujipima kwa kinywa chake. Akiwa anatembea na anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, hicho ni kiwango cha wastani. Akiweza kutamka maneno machache tu kabla ya kutafuta pumzi, hicho ni kiwango cha juu. Akiweza kuimba ubeti mzima bila shida, basi huo ni mwendo wa matembezi tu. Una faida yake, lakini ni vyema aongeze hatua.

Kazi za mikono nazo huhesabiwa. Kulima kwa jembe, kuchota maji kisimani na kuyapeleka nyumbani, kusukuma mkokoteni na kuvuta jarife ni mazoezi kamili. Lakini kuchoka si lazima kuwe na maana kwamba mtu amefanya mazoezi. Muuza duka aliyesimama tangu asubuhi hadi magharibi hurudi nyumbani miguu ikimuuma, ilhali moyo wake haukupata kupiga kwa kasi. Vivyo hivyo kwa dereva wa matatu na karani wa ofisini. Watu hawa ndio wanaohitaji zaidi kutenga muda.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotolewa mwaka 2020, unapendekeza kila mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya kiwango cha wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za kiwango cha juu. Watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la zamani kwamba mazoezi lazima yadumu angalau dakika 10 mfululizo ndipo yahesabiwe. Haba na haba hujaza kibaba: dakika tano asubuhi na dakika saba jioni nazo zimo katika hesabu.

Ndani ya ubongo kunatokea nini?

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa takriban kilo 1.4. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama asilimia 2 tu ya mwili wake. Lakini kiungo hicho kidogo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili unaitumia ukiwa umetulia. Oksijeni hiyo hupelekwa na damu. Kwa hiyo kila kinachoharibu mishipa ya damu, kama vile presha, sukari na sigara, huuharibu ubongo pia, na kila kinachoitunza mishipa huutunza ubongo. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya mazoezi kuusaidia ubongo.

Njia ya pili ni kupitia kemikali ambazo ubongo wenyewe huzitengeneza. Mojawapo ni protini inayojulikana kwa ufupi kama BDNF. Kazi yake ni kuzisaidia seli za ubongo kuishi, kukua na kuungana na seli nyingine. Kujifunza jambo jipya, liwe ni aya ya kuhifadhi au njia ya kwenda soko jipya, hutegemea miungano hiyo. Mwaka 1995, maabara ya Carl Cotman katika Chuo Kikuu cha California huko Irvine ilionyesha kwamba panya waliokimbia katika gurudumu walikuwa na ongezeko la BDNF ndani ya ubongo.

Mwaka 1999, Henriette van Praag, Fred Gage na wenzao katika taasisi ya Salk, California, walitoa matokeo ya uchunguzi mwingine wa panya. Wale waliokuwa na gurudumu la kukimbilia ndani ya kizimba walipata seli mpya nyingi zaidi za ubongo kuliko wale wasiokuwa nalo, na walijifunza upesi zaidi kutafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji. Kwa binadamu, wanasayansi bado wanabishana kuhusu ni seli mpya ngapi zinazozaliwa katika ubongo wa mtu mzima. Kisichobishaniwa ni kwamba ubongo wa mtu mzima hubadilika kulingana na namna unavyotumiwa na mwili unavyotunzwa.

Uchunguzi wa wazee 120 waliotembea

Uchunguzi mmoja unafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu uliwahusu watu wa kawaida wakifanya jambo la kawaida. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2011 na Kirk Erickson, Arthur Kramer na wenzao nchini Marekani. Walichukua watu 120 wenye umri wa kati ya miaka 55 na 80 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi na hawakuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu.

Kundi la kwanza lilitembea kwa kasi siku tatu kwa wiki. Kundi la pili lilikutana siku tatu vilevile, lakini lilifanya mazoezi ya kujinyoosha na ya kukaza misuli kidogo bila kuuongezea moyo mapigo. Kundi hili la pili lilikuwa muhimu sana. Bila hilo, mtu angeweza kusema kwamba waliotembea walifaidika kwa kutoka nyumbani na kukutana na wenzao tu, wala si kwa kutembea. Makundi yote mawili yalitoka na kukutana na watu, kwa hiyo tofauti yao kubwa ikabaki katika aina ya mazoezi.

Kilichopimwa ni sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Kila mtu anazo mbili, moja kila upande, ndani ya kichwa karibu na usawa wa masikio. Hipokampasi ndiyo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya na kujua njia. Mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo, au anayeweza kurudi nyumbani kutoka kijiji alichokitembelea mara moja tu, anaitegemea sehemu hiyo. Uzeeni hunywea kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kila mwaka, hata kwa mtu asiye na ugonjwa.

Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi za waliojinyoosha zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 1.4, kama ilivyotarajiwa. Za waliotembea hazikupungua. Zilikuwa zimeongezeka kwa takriban asilimia 2. Watafiti walikadiria kwamba hilo ni sawa na kurudisha nyuma mwaka mmoja au miwili ya kuzeeka kwa sehemu hiyo.

Matokeo haya yasichukuliwe kwa pupa. Alama za mtihani wa kumbukumbu ziliboreka katika makundi yote mawili, si kwa waliotembea pekee. Ila miongoni mwa waliotembea, wale ambao hipokampasi zao zilikua zaidi ndio ambao kumbukumbu zao ziliboreka zaidi. Kwa maneno mengine, kutembea hakukuwageuza wazee kuwa vijana. Kuliwapa nafasi ya kuzuia kitu ambacho wengi hudhani hakizuiliki.

Tabia: umakini, subira na hasira

Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayofanya kazi kama msimamizi. Ndiyo inayomwezesha mtu kupanga, kujizuia, kupuuza kelele, na kubadilisha mwendo mambo yanapobadilika. Mama anayepika wali huku mchuzi uko jikoni, mtoto analia na simu inaita, anaitegemea sehemu hiyo ili asiunguze chakula. Vilevile mzee anayevuka barabara, akaanza hatua, kisha akaona bodaboda inakuja na kujizuia kwa wakati.

Mwaka 1999 Kramer na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 124 wa umri wa miaka 60 hadi 75. Waliotembea kwa kasi kwa miezi sita walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya aina hiyo hasa, yaani kupuuza kinachowavuruga, kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine na kusimamisha tendo lililokwisha kuanza, kuliko wenzao waliojinyoosha tu.

Faida hii haiwahusu wazee peke yao. Mwaka 2009, Charles Hillman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima watoto 20 wa umri wa karibu miaka tisa. Baada ya kutembea kwa dakika 20, watoto hao walikuwa makini zaidi na walipata alama bora katika mtihani wa kusoma kuliko walipopimwa baada ya kukaa kimya. Watafiti hao waliendelea na uchunguzi mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 221 wa miaka 7 hadi 9. Nusu yao walicheza michezo ya kukimbiakimbia kila baada ya masomo kwa miezi tisa. Hao ndio walioonyesha maendeleo makubwa zaidi ya umakini na ya kuhama kutoka jambo moja hadi jingine.

Hapa wazazi na walimu wana la kutafakari. Mtihani unapokaribia, kipindi cha kwanza kunyang'anywa saa zake huwa ni cha michezo, ili hesabu au sayansi iongezewe muda. Nia huwa njema. Lakini ushahidi unaonyesha kwamba mtoto aliyekimbia uwanjani kwa dakika 20 hurudi darasani akiwa tayari zaidi kusoma. Kipindi cha michezo hakishindani na hesabu. Kinaitengenezea njia.

Huzuni nzito na msongo wa mawazo

Sonona ni ugonjwa. Ni huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki nyingi, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula, nguvu na furaha ya vitu alivyovipenda. Hautokani na uvivu wala udhaifu wa imani.

Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, James Blumenthal na wenzake waliwafuatilia watu 156 wa umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na ugonjwa huo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kutembea au kukimbia mara tatu kwa wiki, la pili likapewa dawa ya sonona iitwayo sertraline, na la tatu likapata vyote viwili. Matokeo yalitolewa mwaka 1999. Baada ya wiki 16, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana. Dawa ilifanya kazi haraka zaidi katika wiki za mwanzo. Lakini miezi kadhaa baadaye, waliopona kwa mazoezi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuugua tena, hasa wale walioendelea nayo.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, watu hao walikuwa chini ya uangalizi wa wataalamu, na mazoezi yao yalifanywa kwa vikundi. Huenda urafiki nao ulichangia nafuu. Pili, hakuna mgonjwa anayepaswa kuacha dawa alizoandikiwa kwa sababu ameanza kukimbia. Anayetaka kupunguza dawa azungumze na daktari wake. Na mtu anayefikiria kujidhuru hahitaji ushauri wa mazoezi. Anahitaji kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Kwa wale ambao shida yao ni msongo wa kawaida wa maisha, kama deni, karo au ugomvi wa nyumbani, mazoezi hayaondoi deni. Yanachofanya ni kuuzoesha mwili kupanda na kushuka. Moyo hudunda, pumzi huenda mbio, kisha vyote hutulia. Mtu aliyezoea hali hiyo hurudi katika utulivu upesi baada ya kukasirishwa. Pia hulala vizuri zaidi, na aliyelala vizuri huwa mwepesi wa kusamehe na mzito wa kufoka.

Mzee anayesahau si mchawi

Sehemu hii ina uzito wa pekee kwa wakazi wa Pwani. Katika baadhi ya maeneo, wazee wameshambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayepotea njia usiku, anayezungumza peke yake, anayekutwa katika boma la jirani asijue alifikaje, au anayewatuhumu watoto wake kumwibia, anaweza kushukiwa. Dalili hizo hizo ni za kawaida katika ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Familia inayoona mabadiliko hayo impeleke mzee katika kituo cha afya. Si kila kusahau hakutibiki. Maambukizi, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo na hata dawa fulani vinaweza kuivuruga akili ya mzee, na vyote hivyo hushughulikiwa vikigunduliwa.

Kuhusu kinga, jopo la wataalamu lililoandikia jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo na ambayo yanaweza kubadilishwa. Kwa pamoja, yakidhibitiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya visa duniani. Kukosa mazoezi ni mojawapo. Presha, sukari, unene wa kupindukia, sonona na upweke pia zimo katika orodha hiyo, na kutembea kwa kasi pamoja na wenzako husaidia kupunguza kila moja. Ndiyo maana kijana wa miaka 40 anayeanza leo anajiwekea akiba ya miaka 70.

Namna ya kuanza

Waliotembea katika uchunguzi wa mwaka 2011 hawakuanza na dakika 40. Walianza na 10, wakaongeza tano kila wiki. Mpango huo unamfaa mkazi yeyote ambaye hajazoea mazoezi, kwa siku tatu kila wiki:

- Wiki ya 1: dakika 10
- Wiki ya 2: dakika 15
- Wiki ya 3: dakika 20
- Wiki ya 4: dakika 25
- Wiki ya 5: dakika 30
- Wiki ya 6: dakika 35
- Wiki ya 7: dakika 40

Dakika 40 za mwendo wa kasi ni kama kilomita tatu hadi nne. Siku tatu za dakika 40 ni dakika 120. Akiongeza siku ya nne ya dakika 30, mkazi atakuwa amefikisha dakika 150 zinazopendekezwa na WHO. Baada ya hapo aongeze siku mbili za mazoezi ya nguvu, kama kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa au kujisukuma ukutani. Wazee wanahitaji pia mazoezi ya kusimama imara ili kuepuka kuanguka.

Kabla ya kuanza, mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, au mwenye presha, sukari, pumu au ugonjwa wa moyo, apimwe kwanza. Hahitaji kwenda mbali. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaojulikana na wengi kama CHP, walipewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, na ndani yake mna kipimo cha presha na cha sukari. Wanawafikia wakazi majumbani.

Jua la Pwani si la kufanyiwa mzaha. Wakati mzuri ni baada ya alfajiri, au jioni jua linapopunguza makali. Ufuo wakati maji yamekupwa una mchanga mgumu unaofaa kutembelea. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga anaweza kutembea muda mfupi kabla ya kufuturu au baada ya tarawehe, ili aweze kunywa maji mara amalizapo. Mwenye sukari anayetumia dawa azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuchanganya saumu na mazoezi. Siku za kawaida awe na kitu kitamu mfukoni na akague nyayo zake anaporudi, asije akawa na kidonda asichokihisi.

Anayetembea kando ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu apite upande wa kulia, ili magari ya upande huo yaje mbele ya macho yake. Kukiwa na giza avae nguo nyeupe. Wanawake wanaohofia usalama wao wanaweza kutembea watatu au wanne pamoja. Kikundi kina faida nyingine: siku mmoja anapovunjika moyo, wenzake humbishia hodi.

Mtu aache mara moja na atafute matibabu akihisi maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, pumzi isiyorudi baada ya kupumzika, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili.

Nafasi ya mwananchi

Mazoezi ni uamuzi wa mtu binafsi, lakini si wa mtu binafsi peke yake. Mama anayetaka kutembea saa kumi na mbili jioni anahitaji barabara yenye taa. Mtoto anahitaji uwanja ambao haujanyakuliwa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaipa serikali ya kaunti majukumu ya huduma za afya za kaunti, barabara za kaunti, taa za barabarani, viwanja na shughuli za michezo, pamoja na bustani, fuo na maeneo ya burudani.

Fedha za kutekeleza majukumu hayo hupangwa kwa ratiba inayojulikana. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hufanyika katika hatua hizo. Maoni yenye nguvu ni yale yanayotaja mahali na hitaji: njia fulani haina taa kutoka kituo fulani hadi shule fulani, au uwanja wa kijiji fulani hauna mipaka. Mkazi anaweza kuyatoa kwa mdomo kikaoni au kuyaandika na kuyafikisha kwa msimamizi wa wadi.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Ni kazi gani za kila siku katika kijiji au mtaa huu zinazouongezea moyo mapigo, na ni zipi zinazochosha tu?
2. Kwa nini watafiti wa mwaka 2011 walihitaji kundi la pili lililojinyoosha bila kutembea?
3. Shule iliyo karibu inatumiaje kipindi cha michezo muhula wa mtihani unapofika? Wazazi wanaweza kufanya nini?
4. Jamii inawezaje kumsaidia mzee aliyeanza kusahau, badala ya kumshuku?
5. Ni njia gani moja ambayo ikiwekewa taa au kurekebishwa, watu wengi zaidi wangetembea? Nani atalipeleka jambo hilo katika kikao kijacho cha maoni?

Mkazi ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu aanze na swali dogo zaidi ya hayo yote: kesho dakika 10 zitapatikana saa ngapi? Akishapata jibu, wiki ya kwanza imeanza.